Siku Niliyoacha Uchimbaji Nikawa Mpelelezi

Jamani, hili nimelificha hata kwa mchumba wangu, na mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana aibu yenyewe nimeshaizoea, ila mkifika mwisho mtaona kwamba sehemu nyingine haichekeshi kabisa. Mimi, Festo, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, nilifunga soko la Mwanga kwa mdomo wangu. (Mwanga yetu ya hapa Kigoma, si ile ya Kilimanjaro.) Na sikuwa nimelewa.

Ilikuwa miaka ile watu wanavuka kutoka Burundi kila siku, wengine kwa boti, wengine kwa miguu, kambi zimejaa, na mjini kila mtu ana habari yake ya kutisha, mara silaha zimeonekana mahali, mara kuna watu wasiojulikana wameingia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja chuo, nikawa namsaidia dada yangu Dafroza kwenye duka lake la kutoa kopi na kuchapa barua, kompyuta mbili na mashine moja ya kopi inayotafuna karatasi. Barazani kwetu alikaa fundi cherehani mmoja Mrundi, Mama Kaneza, mkimbizi aliyetoka kambini kwa kibali ili binti yake wa miaka saba, huyo Kaneza, atibiwe jicho hospitali, na katikati ya siku za kliniki Dafroza alimwachia cherehani ashone ashone. Mama mpole, haongei sana. Tulijua tu kwamba alikimbia kwao na watoto watatu akafika na mmoja, na hakuna aliyethubutu kumuuliza zaidi.

Sasa gemu. Ni gemu la anga za juu, watu wa nchi mbalimbali wanacheza pamoja kwenye mtandao, kila mmoja na chombo chake, na ukianza tu inabidi uchague utafanya kazi gani, na hapo ndipo wageni wengi tunapopotea kwa sababu kazi ni nyingi na hakuna anayekuambia ipi inakufaa. Kuna kuchimba madini kwenye mawe yanayoelea, kuna kusafirisha mizigo ya watu, kuna kutafuta mabaki ya vyombo vilivyokwisha kuvunjika, kuna kupigana, na kuna upelelezi, yaani unajificha karibu na lango ambalo vyombo vinapitia, ukiona adui unawatangazia wenzako. Mimi nilichagua uchimbaji kwa kuwa niliambiwa ni salama. Salama kweli! Unaelekeza mtambo kwenye jiwe, unangoja, unakwenda kumtolea mtu kopi za vyeti vyake vyote, unarudi, jiwe bado liko palepale linakutazama. Wiki tatu! Ila mchimbaji ana jambo moja zuri ambalo sikulijali wakati ule: haongei.

Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa jamaa wa Mwanza tuliyemwita Nahodha (sura yake siijui mpaka leo), akaniambia siku hiyo asubuhi, "Festo, achana na mawe bwana, njoo upelelezi, ni macho na mdomo tu." Nikabonyeza. Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuchukua hata dakika.

Dafroza alikuwa amekwenda kununua karatasi. Nikavaa hedifoni zile kubwa za kufunika masikio yote, nikajificha pale langoni na chombo changu kipya, kidude kidogo tu, na kwa nusu saa sikuona kitu. Halafu wakaja. Vyombo vitano, vyekundu, vya wale jamaa waliokuwa wanatuvizia mwezi mzima, na mimi nikaanza kutangaza kwenye maiki ya hedifoni, na kwa vile masikio yalikuwa yamezibwa sikujua kwamba napiga kelele za mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Wamefika! Wako watano, wana silaha nzito! Wanaingia huku kwetu! Msikimbie, waacheni waingie wote, halafu fungeni njia asitoke hata mmoja! Jamani watoeni wachimbaji, watauawa wote, nasema watauawa wote!"

Umeme ukakatika.

Nikavua hedifoni nilaani shirika la umeme na nguzo zake, nikasikia kimya ambacho soko la Mwanga halina hata siku ya msiba. Halafu milango ya mabati ikaanza kushushwa, kraa, kraa, mmoja baada ya mwingine, na watu wakipita mbio. Nikachungulia. Barazani hapakuwa na mtu, sare ya shule imebaki chini ya sindano ya cherehani, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Muuza dagaa wa mbele yetu, Mzee Hamimu, alikuwa anaburuta gunia lake kinyumenyume.

"Mzee, kuna nini?"

"Wameingia! Watu hamsini, wana bunduki, wameshukia Kibirizi!"

Na mimi (naomba msiniambie kitu hapa) nikaamini. Sikuunganisha kabisa. Nilijua tu kwamba watu hamsini wenye bunduki wameshuka ziwani na wanapanda kuja Mwanga, nikarudi ndani nikajisukuma chini ya meza ya mashine ya kopi, nikaanza kusali sala ambazo nilikuwa nimeziacha tangu kipaimara. Nilifikiri nitakufa pale, nimekumbatia waya.

Polisi wawili ndio waliokuja, kwa pikipiki, na nyuma yao Mzee Hamimu ananyoosha kidole. "Ndiye huyu, afande! Nimemsikia kwa masikio yangu, alikuwa anaongea nao, anawaelekeza njia!"

Hapo sasa ndipo nilipounganisha.

Nilitolewa chini ya meza nikiwa na utando wa buibui kichwani, nikakalishwa kwenye vumbi mbele ya duka, na watu, kwa vile hakuna risasi iliyolia, wakaanza kurudi mmoja mmoja kunitazama.

"Hao watano wako wapi?" afande akauliza.

"Wako angani, afande."

"Wapi?"

"Angani. Kwenye nyota. Ni gemu."

"Na wewe kazi yako ni nini?"

Mdomo huu! Nikajibu, "Mimi ni mpelelezi, afande, nimeanza leo, zamani nilikuwa mchimba madini."

Wakaangaliana. Kuwaonyesha siwezi, kompyuta imekufa. Nikakaa pale chini ya jua zaidi ya saa mbili, nikiwaza jela, nikiwaza chuo kimekwenda, na kila mama aliyepita na ndoo alinitazama kama nyoka aliyekutwa kitandani. Dafroza alirudi akanikuta hivyo, akatua karatasi zake chini akasimama kando. Umeme uliporudi afande akanisimamia begani nikawasha, na kitu cha kwanza kutokea kwenye skrini ni ujumbe wa Nahodha, akausoma kwa sauti kubwa: "Festo uko wapi, wametumaliza!" Nusura anifunge pingu. Ilibidi nimfungulie gemu, nimwonyeshe lango, nyota, vipande vya chombo changu vinaelea, ndipo akashusha pumzi ndefu, akanisonya, na soko zima likaangua kicheko.

Dafroza peke yake hakucheka. Akauliza, "Mama Kaneza yuko wapi?"

Kicheko kikaisha hapohapo, na hofu niliyoipata baada ya swali lile ilikuwa kubwa kuliko ile ya chini ya meza. Kwenye chumba alichopanga hayupo, kanisani hayupo, hospitali hawajamwona. Mtoto ana bandeji jichoni. Mtu wa bodaboda akasema amempita mama anakimbia na mtoto mgongoni kwenye barabara ya kwenda Simbo, hana hata viatu. Tukapanda pikipiki yake watatu, mimi na dada, tukaulizia kila kibanda njia nzima, mpaka karibu saa kumi na moja jioni mkulima mmoja akatuonyesha michikichi, akasema kuna watu wameingia humo tangu mchana na hawajatoka.

Nikaingia mbio nikiita, "Mama Kaneza! Mama Kaneza, ni mimi Festo!" Kimya. Nikaita tena kwa nguvu. Majani yakatikisika, nikasikia miguu inakwenda mbali zaidi.

Dafroza akanishika mkono kwa nguvu hadi ukauma. "Nyamaza. Sauti yako ndiyo anayoikimbia."

Nikaziba mdomo kwa viganja viwili. Dada akasogea mbele peke yake, akaita taratibu kwa Kiha chetu, ambacho na Kirundi vinaelewana, "Ngwino mama, ngwino, ni amahoro," njoo, ni amani, akarudia na kurudia, mpaka Mama Kaneza akatokea nyuma ya mchikichi akitambaa, amembana Kaneza kifuani, na kiganja chake kimeufunika mdomo wa mtoto. Hata alipotuona hakukitoa. Kidole kimoja kimoja, Dafroza ndiye aliyekibandua.

Nilipiga magoti pale nikaeleza yote, gemu, lango, vyombo, watano wangu wa uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, mama."

"Watu wanakaa wanacheza hivyo? Wakishamaliza wanakwenda kula?"

Nikampa viatu vyangu, akavaa, tukamsindikiza hadi barabarani, na Kaneza akanipungia mkono kwenye pikipiki kwa kuwa yeye alikuwa hajui ni nani aliyemkimbiza. Mimi nilirudi Mwanga kwa miguu, pekupeku, sitaki mtu anionee huruma.

Gemu bado nacheza, siwadanganyi. Lakini maneno ya vita sitayatamka tena kwa sauti maishani mwangu, hata kwa utani, hata peke yangu chumbani, kwa sababu sijui nani yuko upande wa pili wa ukuta, wala alifika hapo akitokea wapi.