Jogoo Aliyekanusha Ushuhuda Wangu

Jamani, chekeni polepole. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, hata kukamua ng'ombe kukanishinda. Daktari akasema nipimwe mishipa ya fahamu na misuli: unachomwa sindano kwenye msuli, halafu unapigwa shoti ndogo ndogo za umeme. Shoti! Mimi ninayeita jirani hata kubadilisha balbu?

Mke wangu, Mama Mwenda, alinisukuma niende mpaka nikabuni ujanja. Jumapili, kanisani kwetu Kanyakine, nikasimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Mkono umepona kabisa, sihitaji kupimwa tena!" Nikapigiwa makofi, nikakaa kama mshindi.

Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka za shambani. Pasta akaniita mbele. "Mzee wetu aliyeponywa, hebu tuinulie huyu jogoo wote wamwone."

Nikamshika miguu kwa ule mkono wa kulia, nikainua. Vidole vikalegea vyenyewe. Jogoo akaruka juu ya kwaya, akatua kwenye mimbari, akawika.

Kisha sauti ya Mama Mwenda ikatoka viti vya nyuma:

"Baba Mwenda, kwani uliopona ni mkono upi?"