Uzi wa Shanga Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

"Nileteeni mchoro wowote!" Nzilani alitangaza katikati ya soko la Kikima, mwaka wa 1934, mpaka mbuzi wakageuza shingo. "Uzi wangu huu mmoja utaufunga. Usipofunga, nitaukata hapahapa mbele yenu!"

Mdomo alikuwa nao, nani abishe? Lakini kazi pia alikuwa nayo. Mkanda wa bibi harusi ulikuwa uzi mmoja mrefu wa shanga, unazungushwa kiunoni mara kadhaa, kisha ncha zinafungwa pamoja. Mchoro wa tatu, yaani wa shanga tatu, ni nyekundu, nyeupe, buluu, halafu unaanza tena. Ukifika mwisho na nyekundu imebaki peke yake, wanawake watakikodolea macho kile kifundo kama umevaa viatu viwili vya kushoto.

Wengine walikuwa na uzi wa kila mchoro. Nzilani alitaka mmoja tu, wa kufumua na kutunga upya, ufunge kuanzia mchoro wa mbili hadi wa kumi. Alianza na shanga tisini: wa kumi ukakubali, wa tisa ukakubali, wa nane ukagoma. Akazidisha mara nne, wa nane ukatulia. Wa saba ndio ulikuwa na kichwa kigumu. Ilibidi urefu wote urudiwe mara saba. Zikawa elfu mbili mia tano na ishirini, na uzi mfupi kuliko huo hauwezi kuridhisha michoro yote tisa. Shanga zenyewe alizikusanya tangu usichana.

Basi Kalunde, mtunga shanga mwenzake, akajisogeza. "Mwaitu, mama yangu, nitungie wa kumi na moja."

Nzilani alicheka. Nyumbani hakucheka. Alitunga uzi wote, akafika mwisho, ukabaki ushanga mmoja mwekundu. Mmoja! Angeutoa, wa kumi na moja ungefunga bila kasoro. Lakini akajaribu kichwani: bila huo mmoja, wa mbili unagoma, wa tatu unagoma, hivyo hivyo mpaka wa kumi. Tisa ife ili mmoja upone? Akauacha palepale.

Siku ya soko alifika na uzi wazi, ule mwekundu ukining'inia.

"Si ungeutoa tu?" Kalunde aliuliza, sauti imeshuka. "Nani angejua?"

"Huo ungekuwa uzi mwingine. Mimi niliapia huu."

Akakata. Shanga za maisha yake zikamwagika vumbini, na hakuna aliyecheka. Kalunde ndiye aliyepiga magoti wa kwanza kuziokota.

"Kwa hivyo hakuna uzi wa kufunga yote, na wa kumi na moja pia?"

"Upo. Kama huu, mara kumi na moja."

"Aii! Huo utamzunguka bibi harusi pamoja na ng'ombe wote wa mahari!"

Nzilani alishainuka. Alikuwa amefika dukani kwa Dirie, muuza shanga, vumbi bado magotini, anauliza bei.

Kijiko kimoja cha shanga, senti kumi.