Tunakata Jumatatu

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, Moza Bakili, mkataji wa nguo wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alipewa cheti cha kozi ya jioni ya Kiingereza akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Cheti kiko ukutani, juu ya meza ya kukatia. Darasani vitenzi vilipangwa kwa safu tatu. "Go" ilimtesa, "buy" ikamtoa jasho, lakini "cut, cut, cut" na "put, put, put" alivipenda tangu siku ya kwanza. Aliviita vitenzi visivyobadili nguo: cha leo ndicho cha jana. Tangu hapo, akiwaandikia wateja wa nje, alivitafuta hivyo kwanza. Aliamini hapo hawezi kukosea.

Jumatatu moja ya Januari alikuwa ametandika kitenge cha bluu tabaka kumi na nne, amekibana, chaki imeshapita. Zilikuwa gauni arobaini na mbili za kwaya moja ya Ndola, Zambia. Majora yale yalikuwa ya mwisho. Moza alizunguka maduka yote ya karibu, kitenge chenye ua lile hakikuwepo tena.

"Mteja anajua leo ndiyo siku?" aliuliza Gaudens, fundi wa cherehani, bila kuinua macho.

"Juzi Jumamosi aliuliza kama tumeshakata. Nikamjibu mwenyewe, sikumwita mtu." Akampa simu kwa maringo kidogo.

Gaudens akasoma: "We cut on Monday." Chini yake Stella, kiongozi wa kwaya, alikuwa amejibu: "Oh. OK. Sorry."

"Bi Moza, hapa mlikata au mtakata?"

"Tunakata Jumatatu. Si ndiyo leo?"

"Hiyo kwa Kiswahili. Yeye kaisoma Jumamosi, kaelewa mlikata Jumatatu iliyopita." Akacheka. "Kumbe Kiingereza chako hakina jana!"

Moza hakucheka. "Na hiyo sori ya nini?"

Gaudens akaacha kukanyaga cherehani. "Mtu haombi radhi bure. Alikuwa na la kusema, akaona kachelewa."

Moza akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Akaandika "We not cut", akaifuta. Sasa kila neno alilitilia shaka. Mwishowe akapiga picha kitenge kizima kilivyo mezani, mkasi pembeni, akaituma na maneno mawili: "Not yet", yaani bado. Tiki moja tu: haujamfikia.

Ilikuwa saa nne. Mafundi watano chumba cha pili walikuwa wanasubiri vipande, na mzigo ulitakiwa kupanda basi Ijumaa.

"Tukilala leo, Ijumaa hatutoboi," alisema Gaudens.

"Nikikata, nitakirudishaje?"

Alikitazama kitenge. Shingo? Urefu? Kiuno? Alishika mkasi, akauweka. Akafuta viganja kwenye khanga, akaushika tena. Saa sita ikapita, tiki ikiwa moja. Mafundi wawili wakashuka kutafuta chai, mmoja akamtupia neno: "Bi Moza, leo tunashona picha?"

Saa saba na robo simu ikatetemeka. Stella alikuwa ameandika kirefu, na Gaudens akamsomea polepole. Mchungaji alitaka mikono mirefu, hadi kwenye vifundo vya mikono. Stella alidhani nguo zimeshakatwa, akawaambia wanakwaya watafute fulana nyeupe za mikono mirefu za kuvaa ndani.

Moza alipima kitenge mara tatu. Kilitosha gauni arobaini. Mbili zingeungwa mikono kwenye kiwiko. Akamwambia Gaudens aandike hivyo hivyo, kisha akamtaka amtafsirie tena kabla ya kutuma. Stella akakubali.

Moza akapangusa chaki ya mikono mifupi, akatandika upya na kuchora hadi adhana ya magharibi. Kesho Jumanne, saa moja asubuhi, atakata.