Mawese kwenye Bomba la Moshi

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua Kibirizi kwa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa anahamia kwenye bajaji. Injini ilikuwa nzima. Kilichotia aibu ni bomba la moshi. Maji ya dagaa yalikuwa yamelidondokea miaka mingi, vumbi likagandia juu yake, na kutu ikala nikeli hadi likawa na rangi ya gome la mti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Simbo, na ninaishi Ujiji na mama yangu. Ilinikera kuegesha chombo kichafu namna ile mbele ya watoto ambao kila asubuhi nawakagua kucha.

Jumamosi moja nikaamua kulisafisha. Mama, ambaye anauza mawese sokoni tangu sijazaliwa, alitoa kigoda akakaa kunitazama. Nilisugua kwa majivu na stilwaya ya masufuria mpaka vidole vikafa ganzi, na chuma kikaanza kuonekana. Mama akasifu kazi, ila akasema chuma kisichopakwa mafuta hakimalizi masika. Majembe ya kwao yalipakwa mawese kila msimu ulipoisha, na mengine yapo mpaka leo. Nikamjibu kwamba nitatafuta rangi. Akaguna tu. Nikaingia ndani kuoga, na niliporudi bomba lilikuwa linang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai, mama ananawa mikono. Lilikuwa limependeza kweli.

Jumatatu nikaondoka kwenda kazini. Kabla sijatoka Ujiji nikasikia harufu ya kukaanga, nikadhani kuna mtu ameamka mapema na samaki wake. Nyumba zikapita, harufu ikabaki palepale. Madereva wa bodaboda kijiweni walinipungia mikono, nami nikawapungia kwa furaha. Kwenye bonde la Luiche ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, nikasimama. Mzee mmoja wa baiskeli akanifikia, macho yanamtoka machozi.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimu kwa utulivu. "Huko nyuma tumeshiba harufu. Ugali uko wapi?"

Nikageuka. Barabara niliyotokea haikuonekana kwa moshi. Niliruka chini nikazima injini, na tulisimama pale mimi, mzee na ng'ombe, tukilitazama bomba likichemka mpaka likatulia. Mzee alicheka hadi akashika tumbo, nami nikajikuta nacheka naye.

Shuleni mwalimu mkuu aliuliza nani anapika kabla ya mstari wa asubuhi. Nilifundisha kuzidisha siku nzima nikinuka kama kibanda cha chipsi. Jioni nilipoliangalia bomba, mawese yalikuwa yameungua yakawa ukoko mweusi wenye kunata, na vumbi lote la njia ya Simbo limeganda humo. Lilikuwa baya kuliko siku niliyolinunua.

Nilipomweleza mama kwamba nitakwenda kwa fundi, alisema tutakwenda wote, maana hataki kusingiziwa. Akajifunga kitenge, akapanda nyuma.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye karakana ndogo pale Mwanga. Alimwamkia mama, akainama, akanusa bomba. Akamtazama mama, kisha mimi. Alisubiri lipoe kabisa, akaziba mdomo wa bomba kwa gunzi la hindi ili maji yasiingie. Ukoko akautoa kwa mafuta ya taa, akaosha kwa sabuni, kisha akanipa brashi ya waya na msasa nimalizie mwenyewe, huku akinionyesha kona ambazo kutu hujificha. Lilipokauka akalipaka rangi nyeusi inayostahimili moto, nyepesi nyepesi, akiacha kila mkono wa rangi ukauke kwanza. Akanisisitizia niwe naosha tope kila nikitoka Simbo, lakini nisimwagie maji bomba lenye moto.

Mama alikuwa akifuatilia kila hatua. Ndipo akauliza, "Kwa hiyo mawese hayafai?"

Niliogopa jibu. Fundi alifuta mikono taratibu.

"Mawese ni dawa nzuri, mama, ila si mahali penye moto. Hapa kwenye stendi na kwenye nati hizi, paka kidogo tu. Kutu haitagusa."

Mama akanigeukia. "Umesikia," akasema.

Tangu siku hiyo tumegawana pikipiki. Bomba ni langu, stendi na nati ni zake, na hakuna anayevuka mpaka. Masika yamepita mara mbili, na bomba limechubuka mahali pamoja tu, nilipogonga jiwe. Walimu wenzangu wawili walipoona hivyo walileta pikipiki zao nyumbani niwaonyeshe namna ya kusugua. Nikiwa nawaelekeza, mama alikwishachuchumaa upande wa pili na kikombe chake cha mawese, anapaka stendi zao bila kuombwa.