Kilo Sifuri

Wenzake kazini walimwita Chapchap, maana vidole vyake vilikimbia zaidi kwenye kibodi kuliko mawazo yake, na mwenyewe alikiri hivyo huku akicheka. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Mama yake, aliyewahi kumsikia akitaja "kamusi" kwenye simu, aliwatangazia majirani wote kwamba binti yake anatunga kamusi. Chapchap alijaribu kumweleza: kwa watu wa kompyuta, kamusi ni namna ya kutunza habari, unataja ufunguo, unapewa kilichowekwa chini ya ufunguo huo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa imefika herufi gani?"

Kati ya programu zake zote, aliyoipenda zaidi ilikuwa ya wodi ya wazazi. Mkunga akishaandika habari za mtoto kule ndani, skrini ya chumba cha kusubiria iliwatangazia jamaa: kitanda fulani, wa kiume au wa kike, kilo kadhaa. Ili kuupata huo uzito, programu ilifungua kamusi ndani ya kamusi: ya wodi, ndani yake ya kitanda, ndani yake ya mtoto, ndani yake ya vipimo, na humo ndimo uzito ulimokaa.

Asubuhi moja Chapchap alikuwa kwenye chumba hicho, si kama fundi bali kama ndugu. Mdogo wake alikuwa ndani, kitanda cha saba, uzazi wa kwanza. Mama alikuwa ameikumbatia chupa ya chai ambayo hakummiminia mtu. Shemeji, dereva wa lori mwenye kifua kipana, alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, soksi zake hazifanani.

Ghafla skrini ikawa nyeusi. Chumba kizima kikaguna.

"Nani katengeneza kitu hiki?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa akisubiri mjukuu.

"Huyu hapa, mwanangu," mama akajibu kwa fahari.

Chapchap alitamani kuingia chini ya benchi. Akatoa kompyuta yake mkobani, akaipakata. Programu ilikuwa imeanguka ikitafuta ufunguo wa vipimo na kuukosa. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Siku zote mtoto alipimwa kwanza, ndipo habari zake zikaandikwa. Akatazama ni kitanda gani. Cha saba. Mtoto: wa kike.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Kumbe ameshakuwa mama mkubwa, na aliyempa habari ni hitilafu ya programu yake mwenyewe!

"Imeharibika kabisa?" mama akauliza, alipoona machozi yakimlengalenga.

"Hapana, mama. Nipeni dakika."

Hakutaka kumpokonya shemeji furaha yake. Aisome mwenyewe ukutani. Kwa haraka yake ile ile akaiagiza programu: ukikosa ufunguo wowote hapo, usianguke, weka sifuri uendelee. Akabonyeza.

Skrini ikawaka. Kitanda cha saba. Mtoto wa kike. Kilo 0.

"Binti! Nimepata binti!" Shemeji aliruka, kisha akaisogelea skrini. "Kilo... sifuri?"

"Sifuri vipi?" Mama alisimama, chupa ikadondoka. "Mwanangu kazaa upepo?"

"Mama, hiyo sifuri nimeiweka mimi..."

"Wewe? Umempa mtoto wa mdogo wako sifuri?"

Mlango ukafunguka, mkunga akachungulia. "Jamani, kelele za nini? Mtoto mzima kabisa, msikilizeni!" Na kweli, kilio kikali kilipenya kutoka nyuma yake. "Hajapimwa tu. Kuanzia leo mtoto analala kwanza kifuani kwa mama yake. Mizani itasubiri."

Shemeji akaketi sakafuni, akicheka na kulia kwa pamoja. Mama akamkumbatia yule bibi asiyemjua hata kidogo.

Chapchap akarudi kwenye kompyuta, safari hii taratibu. Kosa lake aliliona: sifuri ni jibu, na programu haikuwa na jibu. Akaandika upya. Kamusi ya vipimo isipokuwepo, ichukuliwe kamusi tupu mahali pake, na humo uzito usipopatikana, skrini iseme "Bado hajapimwa." Lakini kitanda chenyewe kikikosekana, aliiacha programu ipige kelele. Kitanda kizima hakipotei hivi hivi, na likitokea hilo lazima watu wajue. Akajaribu kila hali, moja baada ya nyingine, ndipo akabonyeza.

Maneno mapya yalipotokea, watu walipiga makofi.

"Hapo sawa," bibi akasema. "Hata mimi sijapimwa siku nyingi."

Baadaye wakaruhusiwa kuingia. Mdogo wake alikuwa amechoka na anang'aa, kichwa kidogo chenye nywele tele kikiwa chini ya kidevu chake.

"Dada, huko nje mlikuwa mnagombana?"

"Tulikuwa tunakupongeza."

Shemeji alinyoosha mikono yake iliyozoea usukani. Chapchap akamsogezea kiti.

"Kaa kwanza, shemeji. Haya, mpokee. Shika shingo."

Akampokea, akabana pumzi. Mtoto akapiga chafya, na lile jitu likashtuka kama limepigiwa honi sikioni. Mdogo wake Chapchap alicheka mpaka akawaomba wamhurumie, tumbo linauma.