Barua Niliyoifunga kwa Kitambaa Cheupe

Mpaka leo nikiikumbuka ile Jumamosi ya Chanzuru nacheka peke yangu, na aliye karibu hudhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni mhandisi wa maji. Kwa miaka mingi nilikuwa mwanamke pekee kwenye kikosi chetu kinachohudumia pampu na mabomba, kuanzia Kilosa hadi Mikumi. Siku moja tukapata nafasi ya fundi, nikaapa lazima ijazwe na msichana. Wawili wa kwanza walikubali kwenye simu, siku ya kuripoti hawakuonekana. Nyumbani wamekataa, ndilo jibu nililopewa. Akabaki wa tatu, binti wa Chanzuru aliyewahi kufanya mafunzo ya vitendo kwetu. Huyo nilimtaka kwa roho yangu yote. Tembo walipong'oa bomba letu kule Mikumi, wanaume wakabaki wanabishana nani aingie kwenye tope, na wakati huo yeye alishaingia. Asiporipoti Jumatatu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nikasema safari hii barua naipeleka mwenyewe. Ijumaa nikampigia baba yake: kesho tunakuja watu watatu, tuna barua ya binti. Mtandao ukakata kabla sijamaliza. Sikujali, nikajua ujumbe umefika.

Nilifuatana na fundi wetu mkongwe, mwenye ndevu nyeupe na kofia yake ya kudariziwa, pamoja na dereva wetu, kapera ambaye hata porini hakosi manukato na shati lililopigwa pasi. Nilibeba sukari, maana kwenda kwa watu mikono mitupu ni aibu. Barua nikaifunga kwenye kitambaa cheupe isiingie vumbi. Mhandisi mzima! Chuoni nilifundishwa kukokotoa msukumo wa maji, nikashindwa kutazama nilichobeba.

Tulikuta mikeka mipya imetandikwa, majirani wamejaa uani, na pilau inanukia hadi barabarani.

"Shikamooni."

"Marahaba, karibuni sana wageni wetu."

Mjomba wa binti, kaka wa mama yake, ambaye kwenye ukoo wao ndiye mwenye neno la mwisho, alikuwa amefika kwa pikipiki kutoka Lumuma. Nikajisemea, hawa watu wanaheshimu ajira! Nilipotaka kueleza kilichotuleta, akaniinulia mkono.

"Kuleni kwanza, mama. Maneno baadaye."

Tukala. Dereva alikuwa anaongeza pilau mara ya pili niliposikia sauti ya shangazi wa binti nyuma ya pazia: "Jamani, tangu lini bwana harusi anakuja na washenga wake? Na haya hana, anaongeza!"

Dereva akapaliwa. Fundi mkongwe akakitazama kile kitambaa, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. Mimi jasho lilinitoka, nikaropoka ukweli wote kwa pumzi moja: si posa, ni kazi, Jumatatu, Mikumi, nisameheni. Baba akatazama chini. Nikajua na huyu nimemkosa, tena kwa ujinga wangu, baada ya kuwaaibisha mbele ya majirani.

Mjomba akafungua kitambaa, akaisoma barua polepole mpaka mwisho, hata pale panapotajwa buti na koti la mvua.

"Barua imekuja kwa adabu," akasema, "na wageni wamekula. Utaratibu wetu ni ule ule. Binti aulizwe."

Akaletwa, khanga imemfunika hadi usoni. Kwa desturi binti huinama tu, na shangazi ndiye humjibia.

"Umesikia, mwanangu. Unakubali?"

Shangazi akafungua mdomo, lakini khanga ilishatupwa pembeni.

"Nakubali mjomba! Naombeni kalamu!"

Tukaangua kicheko, mjomba kuliko wote. Shangazi akashika kiuno: "Na vigelegele vyangu nilivyovitunza tangu asubuhi nivipeleke wapi?" Akavipiga hapo hapo, majirani wakampokea.

Mimi barua yangu ya kazi, miaka ile, niliisoma nimesimama kwenye korido ya ofisi. Nyumbani wakasema vizuri, kisha wakauliza nani ataosha vyombo. Kwa hiyo pale mkekani, huku machozi yananitoka, nilimpigia yule binti vigelegele mpaka sauti ikakauka, na cha mwisho nikajipigia mwenyewe.