Msuko wa Kwenye Kioo

Msusi wetu wa Busia husuka huku akicheka, na habari za soko lote hupita mdomoni mwake. Kila akimaliza kichwa hukunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia mara tatu, kama anayevisalimia, kisha huita, "Mwingine akuje." Kwenye kioo chake umening'inia msuko mmoja wa uzi mweusi. Aliusuka akiwa macho, katika chumba cha upasuaji, fuvu likiwa wazi, nesi akimshikia ncha ya uzi. Daktari alikuwa akitoa uvimbe kwenye ubongo, na alitaka mkono usiache kazi, ili ajue mahali asipopaswa kugusa. Jana Syprose, mteja anayevuka mpaka kutoka upande wa Kenya, aliunyooshea mkono msuko ule. "Mama, hapa katikati pamelegea. Nikukazie?" Msusi alimchapa kidogo kiganjani, akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Wacha hiyo. Hapo vidole yangu ilisimama, daktari naye akasimama. Akageukia upande mwingine, na mimi nikaendelea kusuka."